Jipu: Gari Lililozaliwa kwa Vita, na Ukoo Wake



Sisi tukaao Kalengera, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, tumezoea kuona magari kuliko watu wengi wa vijijini. Yatoka Goma, yapita Kibumba, Rugari na Rumangabo, ndipo yafika kwetu. Mengine yaendelea mpaka Rubare na Rutshuru. Mengine yaiacha njia kubwa hapa na kushika ile ya Tongo. Mtoto wa miaka mitano hajui bado kusoma, lakini ajua kuyagawa magari katika makabila. Lile refu, lenye mizigo na watu juu ya mizigo, ni kamiyo. Lile fupi na imara, lenye tumbo la juu na magurudumu manene, ni jipu. Nani alilitengeneza, hajali. Liwe limetoka Japani, liwe limetoka Uingereza, kwake ni jipu tu.

Watu waliosoma huwacheka watoto hao. Husema: “Hilo si Jeep. Jeep ni gari la Wamarekani. Hilo ni Toyota.” Basi tumeona vema kuchunguza habari hiyo, tujue jipu lilitoka wapi, ndugu zake ni akina nani, na kama kweli mtoto wa Kalengera akosa. Tena tuna sababu nyingine ya kuandika, ambayo ni nzito kuliko majina. Zamani watoto waliposikia jipu laja, walikimbilia barabarani kulitazama. Katika miaka hii ya taabu tumewaona wakikimbilia mashambani kujificha. Ni gari lile lile. Ni nini kilichobadilika?

SIKU 49

Mwaka 1940 vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha kuwaka katika Ulaya. Marekani ilikuwa haijaingia, lakini wakuu wa jeshi lake waliona kwamba zamu yao yaja. Kwa kupeleleza njia na kupeleka habari walikuwa wakitumia farasi, na pikipiki zenye kiti cha pembeni. Farasi huchoka, na pikipiki huzama matopeni. Wakataka gari dogo, jepesi, lisiloogopa njia mbaya.

Katikati ya mwaka ule jeshi likaviandikia viwanda 135. Lilitaka gari lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, liweze kubeba mzigo wa kilo 270 hivi, nalo lenyewe lisizidi kilo 590. Tena gari la kwanza la kujaribiwa lilipaswa kuletwa katika muda wa siku 49 tu. Viwanda karibu vyote vilinyamaza. Viwili vilijibu: American Bantam, cha mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, na Willys-Overland, cha mji wa Toledo katika jimbo la Ohio. Willys-Overland hakikuweza kuahidi siku 49. Bantam kiliahidi.

Bantam ni jina la kuku wa aina ndogo, na kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo vivyo hivyo, tena karibu kufungwa kwa kukosa fedha. Kikamwita fundi mmoja wa Detroit, jina lake Karl Probst, naye alikubali kuanza bila kujua kama atalipwa. Alishika kazi tarehe 17 Julai 1940, na kwa muda wa siku mbili alikuwa amekwisha kuchora gari zima. Tarehe 23 Septemba, ikikaribia saa ya mwisho, gari lilifikishwa katika kambi ya Holabird, jimbo la Maryland. Lilikuwa zito kuliko kipimo kilichowekwa, lakini lilipanda na kuvuka kila mahali walipolipeleka, na maofisa wakaridhika.

Ndipo lilipotokea jambo la kusikitisha. Wakuu wa jeshi waliogopa kwamba kiwanda kidogo namna ile hakitaweza kutengeneza magari ya kutosha. Wakawaonyesha Willys-Overland na Ford michoro ya Bantam. Mwezi wa Novemba kila mmoja wao alileta gari lake, na magari yale yalifanana na la Bantam kama mapacha. Gari la Willys lilikuwa na injini iliyoshinda zote, yenye nguvu za farasi 60, lakini lilipita uzito uliokubaliwa. Mafundi wake wakalifungua lote na kupunguza chuma hapa na pale. Walifupisha hata bolti, na rangi wakaipaka mkono mmoja tu, ili kupunguza uzito. Mwaka 1941 jeshi likachagua gari la Willys, kisha Ford akaombwa atengeneze magari ya mfano ule ule.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Willys na Ford walikuwa wametoa majipu zaidi ya 600,000. Bantam kilitoa yasiyofika 3,000, kisha kikapewa kazi ya kutengeneza matela ya kuvutwa na majipu ya wengine. Mmoja alipanda, wengine wakavuna. Wala haikuwa haki Willys-Overland kutangaza, kama ilivyotangaza baadaye, kwamba jipu ni uvumbuzi wake. Mwaka 1948 tume ya serikali ya Marekani yenye kusimamia biashara iliikataza kujisifu hivyo.

Na jina? Wengine wasema latokana na herufi G na P, ambazo Ford aliyaandikia magari yake ya jeshi. Wengine wasema askari walilitoa katika magazeti ya picha za kuchekesha, ambamo tangu mwaka 1936 palikuwa na mnyama wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep, aliyeweza kwenda popote. Hata leo wataalamu hawakupatana. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1950 Willys-Overland iliandikisha jina Jeep kuwa mali yake.

NGUVU YAKE YATOKA WAPI?

Gari la kawaida la siku zile lilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Yale ya mbele yalikuwa ya kugeuzia tu. Gurudumu moja la nyuma likizama katika tope, huzunguka bure, na gari halitoki. Jipu lilipewa giaboksi ya pili, ndogo, iliyogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma pia. Dereva alivuta mkono mmoja wa chuma, na magurudumu ya mbele yakaanza kuvuta. Alivuta mwingine, na gari likaenda polepole lakini kwa nguvu nyingi, kama mtu apandaye mlima akiwa na mzigo kichwani. Yeyote aliyepita njia zetu za mawe ya volkano wakati wa masika ajua thamani ya jambo hilo.

Tena lilikuwa gari lisilo na kiburi. Halikuwa na milango wala paa la chuma. Kioo cha mbele kililazwa juu ya boneti. Fundi aliyekuwa na spana chache aliweza kulitengeneza chini ya mti. Lilibeba majeruhi na maji, lilivuta mizinga midogo, na mapadri wa jeshi walitandika kitambaa juu ya boneti yake wakasoma Misa hapo, askari wamepiga magoti katika nyasi. Hivyo tangu mwaka wake wa kwanza gari hili lilijua kazi mbili: kupeleka mauti, na kupeleka uzima.

JEMBE BADALA YA UPANGA

Nabii Isaya alitangaza siku ambayo mataifa yatafua panga zao ziwe majembe. Katika habari za jipu maneno hayo yalitimia kwa namna ya kuonekana kabisa. Mwezi wa Julai 1945, vita ikiwa haijaisha upande wa Japani, Willys-Overland ilitoa gari liitwalo CJ-2A. Herufi hizo zina maana ya jipu la raia. Lilikuwa na mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo na taa kubwa zaidi, na mbele matundu saba yaliyosimama wima, ambayo ndiyo alama ya Jeep mpaka leo. Lakini zaidi ya yote lilikuwa na mahali pa kufungia plau, na mhimili wa kutoa nguvu ya injini nje, uweze kuzungusha msumeno, kinu au pampu ya maji. Wakulima wa Marekani walililimia mchana, na Jumapili wakaliendea kanisani.

Kutoka hapo ukoo ukaanza kukua. Mwaka 1946 lilitoka gari la jamii, lenye bodi yote ya chuma, ijapokuwa ubavuni lilipakwa rangi kama mbao. Mwaka 1949 hata hilo likapewa nguvu ya magurudumu manne. Mwaka 1947 likafuata jipu lenye karoseri ya mizigo. Mwaka 1948 wakajaribu gari la starehe, liitwalo Jeepster, lisilo na paa gumu wala nguvu ya magurudumu manne. Halikupata wanunuzi wengi, na mwaka 1950 likaachwa. Jipu lililosahau kupanda milima, watu hawakuona kwa nini walinunue.

Mwaka 1953 likaja CJ-3B, lenye boneti iliyoinuliwa juu kwa sababu injini yake mpya ilikuwa ndefu. Mwaka 1954 likatoka CJ-5, lenye mabega ya mviringo, mtoto wa jipu la jeshi lililotumika katika vita ya Korea. Hilo liliishi sana: lilitengenezwa mpaka mwaka 1983. Lilikuwa na ndugu mrefu kidogo, CJ-6, kwa wenye mizigo mingi. Kuanzia mwaka 1957 yalionekana pia majipu ya mizigo yenye pua fupi, dereva ameketi juu ya injini, ili mahali pa mzigo pawe parefu.

Ukiyatazama magari hayo yote utaona jambo moja. Mtengenezaji alianza na gari moja la askari, kisha akajiuliza: mkulima ahitaji nini? Mwenye duka ahitaji nini? Baba mwenye watoto sita ahitaji nini? Kila jibu likawa gari. Hivyo ndivyo ukoo wa magari unavyozaliwa.

JE, MTOTO WA KALENGERA AKOSA?

Sasa turudi kwa watoto wetu. Baada ya vita majipu ya jeshi yaliuzwa kwa raia katika nchi nyingi. Mwingereza mmoja, Maurice Wilks, mkuu wa mafundi katika kiwanda cha Rover, alikuwa na moja katika shamba lake kisiwani Anglesey, nchi ya Wales. Alilipenda, lakini vipuri vilikuwa taabu kupatikana. Akaamua kiwanda chake kitengeneze gari la namna hiyo. La kwanza la kujaribiwa lilijengwa juu ya chesi ya jipu lenyewe. Bodi ilikuwa ya alumini, kwani chuma kilikuwa haba katika Uingereza baada ya vita. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa watu katika mji wa Amsterdam. Nalo ndilo Land Rover, ambalo baadaye lilijulikana kote katika Afrika ya Mashariki.

Katika Japani mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo. Kampuni ya Mitsubishi ilipewa ruhusa na Willys, ikayaunganisha majipu ya Kimarekani tangu mwaka 1953, na kuendelea kuyatengeneza hata mwaka 1998. Lakini kabla yake, mwaka 1951, kampuni ya Toyota ilikuwa imejitengenezea gari lake, lenye injini ya lori, ikalipandisha katika mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo gari halijapata kufika. Je, mwajua Toyota waliliitaje? Waliliita Toyota Jeep. Mwaka 1954 iliwabidi kutafuta jina jingine, kwa kuwa jina Jeep lilikuwa na mwenyewe. Ndipo wakaliita Land Cruiser.

Basi, ndugu, mtoto wa Kalengera hakukosa. Aliye kando ya barabara akiita Land Cruiser jipu, aliita kwa jina la ubatizo. Gari hilo la Japani ni la ukoo huo kwa sura na kwa kazi, na hata kwa jina lake la kwanza. Nchini Ufaransa kiwanda cha Hotchkiss kilitengeneza majipu ya jeshi kwa ruhusa, na nchini India kampuni ya Mahindra ilianza vivyo hivyo tangu mwisho wa miaka ya 1940. Hivyo mtoto wa kuku mdogo wa Butler ameacha uzao duniani kote.

UKOO WATAJIRIKA

Nyumba ya Jeep yenyewe ilihama kutoka mkono hata mkono. Mwaka 1953 Willys-Overland ilinunuliwa na kampuni ya Kaiser. Mwaka 1970 ikaingia mikononi mwa American Motors. Mwaka 1987 Chrysler ikainunua American Motors, na kila mtu alijua kwamba jina la Jeep ndilo lililotakiwa hasa. Kisha Wajerumani wa Daimler waliungana na Chrysler, kisha Fiat ya Italia. Na tangu mwaka 2021 Jeep ni mali ya kampuni kubwa iitwayo Stellantis. Wengi wa matajiri hao waliposhindwa na magari yao mengine, jipu liliendelea kuwalisha.

Katika safari hiyo ukoo uligawanyika mara mbili. Tawi la kwanza lilishika umaskini wa baba yao. CJ-7 ilitoka kwa ajili ya mwaka 1976. Mwaka 1986 likatokea Wrangler, ambalo kwanza lilikuwa na taa za pembe nne, na wapenzi wa jipu wakanung'unika mpaka taa za mviringo ziliporudi, miaka kumi baadaye. Wrangler bado latengenezwa, na ukilifunika jina lake, mzee aliyeona majipu ya mwaka 1945 atalitambua kwa uso. Mwaka 2019 lilipata ndugu mwenye karoseri ya mizigo, akapewa jina la zamani, Gladiator.

Tawi la pili lilitafuta starehe. Mwisho wa mwaka 1962 lilitoka Wagoneer, gari la jamii lenye viti laini, ambalo dereva wake aliweza kuchagua gia zijibadilizo zenyewe. Liliendelea kwa karibu miaka 30, mpaka 1991, na likawa gari la wenye fedha. Mwaka 1984 likatokea Cherokee jipya, lililo jepesi, ambalo bodi na chesi yake ni kitu kimoja. Mwaka 1992 likafuata Grand Cherokee. Siku ya kulionyesha huko Detroit liliendeshwa likavunja kioo kikubwa cha jumba la maonyesho, kusudi watu washangae. Na katika miaka ya karibuni yametoka majipu madogo ya mjini, hata Avenger, lililoonyeshwa mwaka 2022, ambalo latengenezwa Poland, tena laweza kwenda kwa umeme bila petroli.

Hatusemi kwamba starehe ni dhambi. Lakini twaona hatari moja, nayo si ya Marekani peke yake. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya tope laweza kuwa kiti cha enzi. Mtu mkubwa apanda jipu lenye vioo vyeusi, apita penye mama mjamzito amelazwa katika machela kando ya njia, wala hamwoni. Uwezo wa kusimama na kumchukua anao, maana gari lake lina nguvu za kufika popote, lakini moyo wake ni kama gurudumu lililozama, wazunguka bure mahali pamoja.

PADRI ALIYEKUFA KWA KUKOSA GARI

Hapa yafaa tukumbuke habari moja ya Kanisa, iliyo ya zamani kuliko jipu. Mwaka 1925 padri Otto Fuhrmann, wa shirika la Oblati wa Maria Imakulata, aliugua katika misioni ya mbali, kaskazini ya nchi iitwayo leo Namibia. Hospitali ilikuwa mbali sana, na motokari haikuwapo. Akafa. Rafiki yake, padri Paul Schulte wa shirika lile lile, aliyekuwa rubani wa ndege katika vita ya kwanza, alipopata habari hizo alihuzunika mno. Alijiuliza: ikiwa ndege na motokari zimepatikana kwa kuua watu, kwa nini zisipatikane kwa kuwaokoa?

Mwaka 1927, katika mji wa Cologne, alianzisha shirika la kuwapatia wamisionari vyombo vya kusafiria, liitwalo MIVA. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1949, MIVA nyingine ilianzishwa katika Austria. Huko kila mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, madereva huombwa kutoa sarafu ndogo kwa kila kilometa waliyosafiri bila ajali. Yaani mtu amshukuru Mungu kwa safari yake njema kwa kumpa mwingine safari. Kwa fedha za namna hiyo yamenunuliwa magari, na pikipiki, na baiskeli, na mashua pia, kwa ajili ya misioni za mabara mengi.

Sisi makatekista twajua maana yake. Wengi wetu twaenda kwa miguu, na hatuoni haya. Lakini tumeona wagonjwa wakibebwa katika machela kutoka vilima vya Tongo, wachukuzi wakipokezana, nasi tukihesabu pumzi za mgonjwa. Tumeona pia gari la padri likifika usiku, limejaa tope hata vioo, na mama akafika hospitali kabla ya mapambazuko. Siku kama hizo hakuna aliyeuliza kama gari ni la Toledo au la Japani.

JIPU KATIKA NCHI YETU

Jipu lilikuja kwetu kwa njia zote mbili, ya upanga na ya jembe. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 machafuko yalianza, na mwezi uliofuata Umoja wa Mataifa ulituma askari wake. Kikosi cha Ireland kilifika Kivu, hata Goma. Jipu jeupe lenye alama za Umoja wa Mataifa likawa jambo la kawaida machoni pa Wakongo mpaka mwaka 1964.

Mwaka huo wa 1964 yaliwaka maasi ya Simba. Askari wa kukodiwa waliokuja kupigana upande wa serikali walifunga bunduki za rashasha juu ya majipu yao, wakapita mbele ya misafara ya kwenda Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Gari la mkulima likarudi kuwa la askari. Na mwaka ule ule, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta alitakiwa na mkuu mmoja wa waasi aingie katika gari lake kwa kusudi baya. Alikataa kuingia, akauawa. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa. Tumkumbuke kila tunapoona vijana wakiitwa wapande gari wasilolijua liendako. Kuna magari ambayo heri mtu asiyapande.

Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, na kambi zikajengwa kandokando ya barabara yetu hii, Kibumba, Kahindo na Katale. Kipindupindu kikaua watu wengi mno. Wakati huo magari ya mashirika yalipita mchana na usiku, yamebeba maji na dawa, hata maiti. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikaikata barabara kaskazini ya Goma; magari yalikuwa ya kwanza kutafuta kivuko juu ya mawe ambayo yangali na joto.

Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, msafara wa magari mawili ya Shirika la Chakula Duniani uliokuwa ukienda Rutshuru kutazama chakula cha watoto wa shule ulivamiwa. Wakafa balozi wa Italia, Luca Attanasio, na askari mlinzi wake, Vittorio Iacovacci, na dereva, Mustapha Milambo. Magazeti ya dunia yaliandika sana habari za balozi, na ilistahili. Lakini sisi tusimsahau dereva. Madereva wetu wengi wamekufa katika njia hizi, usukani mkononi, wamewabeba watu wengine.

Kisha vita ilirudi katika Rutshuru, na mwaka 2022 tuliona tena magari yenye bunduki. Ndipo watoto walipojifunza kukimbia wasikiapo mngurumo.

NI NANI AKETIYE NDANI?

Katika Kiswahili neno jipu lina pacha wake, mnajua: ni ule uvimbe wa mwilini wenye usaha, unaouma na kuleta homa. Mzee mmoja wa hapa alituambia kwa utani wenye machungu: “Zamani jipu lilikuja kuniondolea jipu; siku hizi lenyewe ndilo jipu.” Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Lakini historia yatufundisha kwamba gari halina dini wala kabila. Chuma kilichofuliwa kwa vita mwaka 1941 kililima shamba mwaka 1945, na mwaka 1964 kikabeba tena rashasha. Boneti iliyobeba bunduki iliwahi kuwa altare. Jipu halijageuka hata mara moja kwa nguvu zake lenyewe. Aliyeligeuza ni mtu, kila mara, kwa kusema ndiyo au kwa kusema hapana.

Basi twasema na vijana wetu kwanza, kwa kuwa tumewasikia wakisema. Wengi hawakuvutwa na bunduki. Walivutwa na gari. Kijana aliyechoka kutembea na mzigo wa makaa aliona wenzake wamepanda jipu, upepo wawapiga usoni, akatamani. Kijana mpenzi, tamaa yako ya kupanda gari si mbaya. Jifunze kuliendesha, jifunze kulitengeneza. Garaji moja yenye mafundi waaminifu yafaa kijiji chetu kuliko magari kumi yenye bunduki. Karl Probst alipoitwa hakuwa na jeshi. Alikuwa na kalamu, na elimu, na siku chache.

Twasema na madereva. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fanya ishara ya msalaba, kisha tazama breki na matairi. Sala haiondoi kazi ya spana. Ukimkuta mgonjwa njiani, kumbuka kwamba Msamaria alikuwa na mnyama wake wa kupanda, naye akashuka, akampandisha mwingine.

Twasema na wenye magari, na halmashauri za parokia zinazopanga kununua moja. Msiulize kwanza jina lililo mbele. Ulizeni kama lafaa njia yetu, kama vipuri vyake vyapatikana Goma, kama fundi wa hapa aweza kulifungua na kulifunga tena. Na mkiisha kulinunua, andikeni katika mioyo yenu ni la nani. Ni la mgonjwa wa Tongo, na la mama wa usiku wa manane, na la maiti apaswaye kuzikwa kwa heshima nyumbani kwake.

Watoto wa Kalengera hawataacha kuliita jipu kila gari la namna ile, wala tusiwasahihishe. Twaomba tu siku irudi ambayo wakisikia mngurumo wake kutoka upande wa Rumangabo, watakimbilia tena barabarani kupunga mikono, na aliye ndani apunguze mwendo.